Jinsi ya Kushuka Ukuta wa Bahari Ukitokea Kitengela

Hakuna watu nchini Kenya walioandaliwa vizuri kupiga mbizi kwenye ukuta wa bahari kama wakazi wa Kitengela. Nasema hivyo nikijua fika kwamba mji wetu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwamba Mombasa iko zaidi ya kilomita 450 kutoka hapa, na kwamba mvua ikinyesha tunachozamia ni tope jeusi linalovua watu viatu. Lakini mtu wa hapa hununua maji kwa mtungi, huyapima kwa jicho, na Jumatano anajua kama yatamfikisha Jumapili. Hukaa ndani ya matatu kwenye Barabara ya Namanga, foleni haisongi, na bado anapumua taratibu. Tabia hizo mbili, kupima akiba na kutotaharuki, ndizo mwalimu wa kupiga mbizi hutumia siku nyingi kumfundisha mwanafunzi. Wewe umezaliwa nazo, au umezipata mara tu ulipohamia.

Ukuta wa bahari ni mwamba unaoanza mita chache chini ya uso wa maji, kisha unakatika na kushuka wima mpaka jicho linashindwa. Wengi wetu tumeuona kwenye televisheni tu, na mara nyingi ni wa kisiwa cha Mediterania, hasa Gozo kule Malta. Sishangai, maana vifaa vyenyewe vilizaliwa katika nchi iliyo kando ya bahari hiyo: mwaka 1943 Jacques Cousteau na Émile Gagnan walitengeneza huko Ufaransa kifaa kinachompa mpiga mbizi hewa kila anapovuta pumzi, na Cousteau akakijaribu katika maji ya Mediterania. Ila Gozo haina matumbawe ya bahari ya joto, na viza yake itakuchosha kabla hujalowa. Kuta zetu ziko Pemba. Kati ya kisiwa hicho na bara kuna mfereji wenye kina cha takriban mita 800, ilhali maji kati ya Unguja na bara ni ya kina kifupi. Ndiyo maana Unguja ina miamba inayoteremka kwa upole na Pemba ina kuta.

Kama mtu atakuuliza mtu wa Kajiado anatafuta nini baharini, mwonyeshe marumaru. Machimbo ya Kajiado yanatoa marumaru ambayo zamani ilikuwa chokaa iliyotuama chini ya bahari, ikazikwa, ikapikwa kwa joto na shinikizo zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Huendi kwa watu wengine. Bahari ilipita kwetu kwanza.

Sasa tuanze. Somo la kwanza linafanyika jikoni. Chukua chupa tupu ya plastiki, ifunge kifuniko sawasawa ukiwa Kitengela, uitie mkobani, upande treni ya SGR kwenye stesheni ya Athi River. Ukishuka Mombasa itoe uitazame: imebonyea mbavu. Hakuna aliyeikalia. Hewa ya Kitengela ina shinikizo pungufu kwa takriban moja ya sita ukilinganisha na ya pwani, kwa hiyo ulipoteremka, hewa nzito ya chini iliiminya chupa. Njiani utasikia masikio yakiziba na kuzibuka pia; hilo ndilo jaribio la pili, na halina malipo. Bana pua, puliza polepole mpaka yafunguke. Zoea kufanya hivyo kabla hayajauma, kwa sababu chini ya maji ukingoja maumivu umechelewa.

Kile ambacho treni inachukua saa kadhaa kukifanya, bahari inakifanya ndani ya dakika. Kila mita 10 za maji zinaongeza shinikizo sawa na lile la hewa yote iliyo juu ya kichwa chako ufukweni. Mita 10, mara mbili. Mita 20, mara tatu. Mita 30, mara nne. Puto lililojaa juu litakuwa robo ya ukubwa wake kwenye mita 30, na ukilijaza kule chini kisha ukapanda nalo, litapasuka kabla hujafika. Mapafu yako hufuata kanuni hiyohiyo. Ndiyo sababu amri ya kwanza ya mchezo huu, ile ambayo mwalimu ataikariri mpaka uiote usiku, ni usizuie pumzi kamwe. Vuta, toa, vuta, toa, hata ukishangaa, hata ukiogopa, hata papa akipita.

Hapo ndipo hesabu ya mitungi inapokufaa. Mtu aliyetulia hutumia takriban lita 20 za hewa kwa dakika akiwa juu, yaani mtungi mmoja wa manjano unaoujua wewe. Chupa ya chuma utakayobeba mgongoni, ya lita 12 iliyoshindiliwa hewa mpaka baa 200, ina lita 2,400: mitungi 120. Ukiwa juu ingekutosha saa mbili. Kwenye mita 30, kila dakika unakunywa mitungi minne. Toa akiba ya baa 50 ambayo haiguswi isipokuwa kwa dharura, ubaki na mitungi 90, na dakika 22 hivi. Mgeni ambaye hajawahi kukatikiwa maji huifahamu hesabu hii kichwani tu. Wewe unaifahamu tumboni, kwa sababu unajua ilivyo kuangalia tangi la juu ya paa likiwa limebaki robo na lori halionekani. Angalia geji yako kila baada ya dakika chache kama unavyolitazama tangi hilo, na mwonyeshe mwenzako kwa vidole kilichobaki bila kungoja akuulize.

Mafunzo yanaweza kuanzia Nairobi, kwenye bwawa, ukamalizia baharini. Utajaza fomu ya afya, na hapo sema kweli: pumu, shinikizo la damu, moyo, kifafa, upasuaji wa kifua au wa masikio. Daktari akisema subiri, subiri. Kisha utaogelea mita 200 bila kuharakishwa na kuelea dakika 10. Kama hujui kuogelea, tafuta mwalimu wa kuogelea kwanza. Wapo, na watu wazima hujifunza ndani ya majuma machache. Cheti cha kwanza kinakuruhusu kufika mita 18, cha pili mita 30. Usidharau mita 18. Sehemu kubwa ya rangi na uhai wa ukuta iko juu ya hapo, kwa sababu matumbawe yanategemea mwanga wa jua.

Jambo moja la mikono utalazimika kulisahau. Kwetu dole gumba likiinuliwa maana yake mambo ni sawa. Chini ya maji maana yake ni tupande juu, sasa hivi. Ukimjibu mwalimu kwa dole gumba kila anapokuuliza kama uko salama, atakupandisha, na safari yako ya Pemba itaishia hapo. Neno la usalama ni duara la kidole gumba na cha shahada. Jizoeze nyumbani, fanya hivyo mtoto akikuuliza kama chai ina sukari.

Chagua msimu kama baharia. Kusi ikivuma, kuanzia Aprili hadi karibu Septemba, bahari huchafuka na maji hupoteza uangavu. Kuanzia Oktoba, upepo unapotulia kabla ya kaskazi, na katika miezi ya kaskazi hadi Machi, mara nyingi utaona mbali. Angalia na mwezi: siku za bamvua maji hupwa na kujaa kwa nguvu, na mkondo kandokando ya ukuta unakuwa mkali, maji mafu yanamfaa mwanafunzi. Anza Kenya ikiwa hujawahi kulowa. Watamu na Malindi zimekuwa na hifadhi za bahari tangu 1968, za kwanza nchini Kenya. Kisite-Mpunguti, ng'ambo ya Shimoni na Wasini, ina miamba ambayo mwanafunzi anaweza kuisoma bila hofu, na pomboo hupita mara kwa mara. Ukishatulia huko, vuka. Kutoka Unguja kuna feri ya kwenda Mkoani na ndege ndogo zinazotua Chake Chake. Magharibi mwa Pemba kuna kisiwa kidogo cha Misali, hifadhi tangu 1998, na mwambao wake una kuta za aina ninayoisema.

Ukifika, usiulize bei kabla ya salamu. Sisi watu wa bara tuna haraka ya kwenye stendi, na Pemba haitambui haraka hiyo.

“Shikamoo, nahodha.”

“Marahaba, mwanangu. Hujambo?”

“Sijambo. Habari za toka asubuhi?”

“Njema. Umetokea kisiwa gani?”

“Kitengela.”

“Hicho sijakifika.”

Mweleze ni bara, upande wa Nairobi, na umwache akueleze yeye bahari. Wavuvi wa Pemba wamekwenda dago kwenye pwani ya Kenya tangu zamani, wakipiga kambi kwa majuma na kufuata samaki. Wengi wanaijua Shimoni kuliko unavyoijua wewe. Nahodha akisema leo mkondo haufai, usimkumbushe kwamba umetoka mbali. Kaa chini, unywe chai.

Siku ikifaa, vaa suti, mapezi, miwani na mkanda wa risasi, kagua vifaa vya mwenzako naye akague vyako, kisha dondoka kinyumenyume kutoka kwenye ukingo wa boti. Elea juu kidogo. Tazama chini. Utaona uwanda wa matumbawe wenye mwanga, kahawia na manjano, samaki wadogo wakicheza juu yake, kisha mstari, kisha buluu tupu. Moyo utakupiga. Hiyo ni haki yake. Toa pumzi ndefu, punguza hewa ya jaketi lako la kuelea, teremka miguu ikitangulia ukisawazisha masikio kila nusu mita, na ukiupita ule mstari geuza uso kuelekea ukutani. Hili ni la muhimu kuliko yote kwenye ukuta: usiitazame buluu muda mrefu. Kwenye mwamba wa kawaida kuna sakafu ya mchanga ya kukuzuia. Hapa hakuna. Mtu anaweza kumfuata samaki mzuri akajikuta kwenye mita 40 bila kuhisi chochote, kwa sababu maji ni angavu na mwili hauna kipimo cha kina. Geji ya kina ndiyo sakafu yako. Amua kabla ya kuingia kwamba utakomea mita 18 au 25, uione sakafu hiyo akilini, na usiivunje.

Ukifika kwenye mita 30 hivi, naitrojeni huanza kulewesha. Mwingine hucheka, mwingine huingiwa na wasiwasi, mwingine husoma geji mara tatu na asielewe. Dawa yake ni rahisi: panda mita chache, akili inarudi.

Sasa tazama. Beba tochi, kwa sababu maji hula rangi, na huanza na nyekundu. Shuka ya Kimaasai, hiyohiyo inayoonekana kutoka upande wa pili wa uwanda wa Kaputiei, ungeifunga kiunoni ingefifia ndani ya mita chache, na kwenye mita 20 ingekuwa nyeusi-kijivu. Ukiimulika kwa karibu, wekundu unarudi wote. Ukuta nao uko hivyo. Kile ulichodhani ni doa la kijivu, kimulike: ni sifongo chekundu. Tawi jeusi, limulike: ni matumbawe laini ya zambarau, yamefungua vidole vidogo visivyohesabika kukamata chakula kinachopita na mkondo. Sogeza uso, usisogeze mkono. Katika kila kidole kuna mnyama.

Ndani ya tundu utamkuta mkunga, kichwa nje, akifungua na kufunga kinywa chenye meno. Watu wengi hurudi nyuma. Anapumua tu, hivyo ndivyo anavyopitisha maji kwenye mashavu yake, na hana neno na wewe usipomtia mkono mlangoni. Chini ya kichaga cha jabali atakuwepo chewa, mkubwa, mzito, ametulia kinywa wazi, na samaki mdogo mwenye mstari wa buluu ataingia humo kinywani, ale wadudu walioganda kwenye meno, atoke kwa upande wa mashavu. Chewa angeweza kummeza. Hammezi. Kaa hapo dakika moja nzima, hata ikikugharimu mitungi mitatu. Mimi sijapata kuona jambo la kushangaza zaidi baharini, na nimewaona kasa wakubwa na taa wakipita. Mbali chini, penye giza ambako wewe na mimi hatutafika, ndiko mazingira ya silikanti, samaki ambaye wanasayansi waliamini ametoweka miaka milioni 66 iliyopita mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Mmoja alivuliwa Malindi mwaka 2001, na Tanzania ilitenga hifadhi ya bahari kwa ajili yake Tanga.

Usiguse kitu. Tumbawe la jabali hukua takriban sentimita moja kwa mwaka. Lile lenye kimo cha mita moja lilianza kabla babu yako hajazaliwa, na pezi lako linaweza kulivunja kwa teke moja la uzembe. Mwaka 1998 joto la bahari lilipanda, na matumbawe ya Afrika Mashariki yakapauka na kufa kwa wingi. Sehemu nyingi za Kenya zilipoteza zaidi ya nusu ya yaliyokuwa hai. Mengine yamerudi, kisha joto likaja tena. Ndiyo maana nakuomba uende sasa, na uende ukiwa umejifunza kuelea bila kushika. Pumua ndani, unapanda kidogo. Pumua nje, unashuka kidogo. Mwenye kulijua hilo hahitaji kushikilia ukuta wa mtu.

Kupanda ni polepole: usizidi mita 9 kwa dakika, na kwenye mita 5 simama dakika 3.

Tumefika kwenye sehemu ambayo miongozo mingi ya wageni huipitia juujuu, nayo ndiyo iliyonifanya niandike huu wa kwetu. Ukiwa chini, naitrojeni, ambayo ni asilimia 78 ya hewa, ilikuwa ikiyeyuka ndani ya damu na nyama zako. Inahitaji muda kutoka. Ukipunguza shinikizo haraka, inatoka kwa mapovu ndani ya mwili: maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu, uchovu usio wa kawaida, na mambo yakiwa mabaya zaidi kupooza. Kila mpiga mbizi anajua kwamba hatakiwi kupanda ndege mara tu baada ya kupiga mbizi. Mkazi wa Kitengela anatakiwa kujua zaidi: kurudi nyumbani ni kupanda.

Tazama mwenyewe. Kabini ya ndege ya abiria huwekwa kwenye shinikizo la mwinuko usiozidi mita 2,400 hivi. Mashauri ya DAN, mtandao wa kimataifa wa usalama wa wapiga mbizi, yanahusu mwinuko wa kuanzia karibu mita 600 hadi 2,400. Ukifika Voi umekwisha kupita mita 500. Kitengela imo katikati kabisa ya kipimo hicho. Basi la usiku halina rubani, lakini linakupeleka kulekule. Ikiwa ulizama mara moja tu bila kuvuka mipaka ya muda, shauri ni kungoja saa 12 angalau. Ikiwa ulizama mara kadhaa au siku mfululizo, saa 18. Mimi nakwambia lala pwani ukamilishe saa 24, na wenzangu wa Ongata Rongai na Ngong, ambao wako juu zaidi, nawaambia vivyo hivyo. Ile pakiti ya krispi iliyofungwa Mombasa, ambayo hufura ikifika kwetu, haina damu. Wewe unayo.

Waajiri hawalijui jambo hili, kwa hiyo omba Jumatatu mapema. Ukizama Jumapili asubuhi na kupanda basi Jumapili jioni ili uwahi kazini kwenye viwanda vya EPZ, umevunja kanuni hata kama viatu vyako havikuondoka ardhini. Na siku hiyo ya kungoja usiitumie kwenda kuwaona palahala wa Shimba Hills. Vilima hivyo vinafika takriban mita 450, navyo ni mwinuko. Kaa chini, pwani. Kunywa maji mengi, acha pombe, kula samaki wa kupaka na mchuzi wa nazi, tembea Mji wa Kale. Ukisikia ganzi au maumivu ya ajabu, usijikaze kiume wala kike: mwambie mwalimu wako, upewe oksijeni, upelekwe hospitali, na uwaambie wazi kwamba ulipiga mbizi, kina gani na saa ngapi. Usipande kwenda Nairobi kutafuta daktari bora. Shida itapanda nawe.

Baada ya hapo panda treni inayosimama stesheni za kati, si ile ya moja kwa moja, ushuke Athi River, ukamate matatu ya Kitengela. Na kwa kaskazi ijayo kata tiketi mbili. Mashirika makubwa ya mafunzo huwapokea watoto kuanzia miaka 10, wakikomea mita 12 mpaka watimize miaka 12, na kule Misali mita 12 zinatosha kumfikisha mtoto wa Kajiado mbele ya chewa na yule samaki wake mdogo.